Mama Mafagio na Mlinzi wa Kilima

Mtaa mzima ulimwita Mama Mafagio. Alikuwa mjane. Alikata vichaka vya kilima cha mawe nyuma ya mji, akavikausha, akavifunga mafagio, na kwa kazi hiyo akamlea binti yake wa pekee mpaka akaolewa. Mkwe aliyempata alikuwa mtu wa maneno matamu na mikono mifukoni. Alikuja kuoa, akakaa. Mama alimlisha bila kumsimanga.

Siku moja mtafiti wa mimea, dada mmoja mpole, alimkuta mfagizi wa maabara yao akifagia. Akainama, akachomoa kijiti kwenye ufagio, akaenda kukipima. Kisha akamtafuta aliyeufunga. Mama alimpandisha kilimani kwa furaha, akimwonyesha kila kichaka kama mtu anayetambulisha wajukuu.

Vinasaba vikasema jambo ambalo macho hayakuliona: kilichodhaniwa mmea mmoja kilikuwa mimea miwili. Mmoja umejaa kila mahali. Wa pili haukuonekana kokote ila kileleni pale, na ulikuwa unakwisha. Kilele kikazungushiwa waya. Atakayekata, jela.

"Vile vyenye vikonyo vyekundu usiviguse, mama," mtafiti alimwambia. "Hivi vya chini, kando ya barabara, ni vya kawaida. Kata tu."

Mama alitii. Tena walipotafuta mlinzi, ni yeye aliyekwenda kumwombea mkwe wake. "Miguu anayo," alisema. "Kazi ndiyo hana."

Mkwe akapewa sare na filimbi. Miezi ikapita hajakamata mtu, na bosi wake akaanza kunung'unika kwamba analipwa kulinda mawe. Ndipo yakaja majibu mapya ya maabara: wekundu wa vikonyo ulikuwa ni jua tu. Vichaka vya kando ya barabara navyo ni ule ule mmea adimu. Walinzi waliitwa wakaambiwa, na amri ikaanza siku hiyo hiyo. Jioni mkwe alikula kwa Mama, akaomba aongezewe mchuzi, akamsikia akisema kesho atashuka barabarani kukata. Akanawa mikono, akaenda kulala.

Asubuhi alimkuta ameinama na panga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nishikie mzigo huu."

Aliushika, akapuliza filimbi.

Mahakamani mtafiti alitoa ushahidi kichwa chini. Mzigo umepimwa, ni mmea wenyewe.

"Wewe mwanangu," Mama alimwuliza mtafiti kutoka kizimbani, "ukiviangalia hivi kwa macho, unavitofautisha?"

"Hapana, mama. Hata mimi siwezi."

"Basi mimi ningewezaje?"

Hakimu akasema kutojua amri si utetezi. Mwaka mmoja.

Nyumbani binti alimwuliza mumewe, "Ulijua?"

"Nilijua. Ulitaka nifukuzwe kazi, tule mafagio?"

Binti akampakulia.

Mama alirudi amekonda, mgongo umepinda. Chumba chake kilikuwa kimechukuliwa na mkwe, ambaye sasa alikuwa mkuu wa walinzi, na kitanda chake kilikwisha kuuzwa. Akatandikiwa mkeka jikoni. Mkwe hakukosa hata asubuhi moja kumwamkia.

Mvua zilipokatika vichaka vilizaa mbegu, na mtafiti akaja mlangoni. Alitaka mtu mwenye mkono mwepesi, wa kukusanya mbegu bila kuzipukutisha, zikaoteshwe bustanini. "Nimeshamwombea Mama ruhusa," alisema. "Na msamaha nataka nimwombe mwenyewe."

"Mama haoni vizuri siku hizi," mkwe alimjibu, kwa upole, mkono ameweka kifuani. "Na akili imemruka. Ukimtajia kilima analia mpaka jioni. Ila nina mdogo wangu, kazi hiyo anaiweza."

Jikoni, Mama alikuwa ameinamia beseni akisugua kola ya sare ya mkwe wake. Alisikia kila neno. Alipotaka kuinuka, binti yake, aliyekuwa amesimama karibu na jiko, akaweka kidole mdomoni.

Mama akakaa. Akaigeuza kola, akaanza kusugua upande wa pili.