Sifuri za Lipangalala

Niliondoka Katindiuka asubuhi moja bila kujua naenda wapi. Miezi miwili nilikuwa nimelala kwenye dungu la watu, kile kibanda cha miti kinachojengwa katikati ya mpunga, kazi yangu kufukuza ndege. Nikachoka nao. Barabarani nikakuta gari limekwama kwenye tope, nikasukuma mpaka likatoka. Mtu mzima aliyekaa mbele akashusha kioo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kusoma?"

"Niliishia darasa la tano."

"Inatosha. Panda."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya kupanga umeme, miaka ya tisini. Yule mzee alikuwa Mhandisi wa Mipango wa mradi mdogo uliotaka kuweka mtambo wa maji kwenye kijito cha milimani, ili mji upunguze kutegemea jenereta la dizeli. Aliniambia kwamba kupanga umeme ni kama kupika ubwabwa wa wageni usiojua idadi yao. "Ukipika kidogo, aibu. Ukipika mwingi, umetupa mchele wa watu. Na maji unayopikia, kuna mwingine huko chini anayasubiri."

Mle garini alikuwemo Tekla, Mtaalamu wa Takwimu, mdogo kwangu kwa miaka sita, ametoka chuoni na cheti chake. Kwenye mapaja alikuwa na karatasi ya mirabamiraba, na juu yake mstari uliopanda na kushuka kama kilima. Ule ndio mchoro wa mzigo. Mzigo ni umeme wote ambao watu wanautaka kwa wakati mmoja, na pale mstari unapofika juu kabisa panaitwa kilele. Mtambo hupimwa kwa kilele.

Nilimwonea wivu tangu dakika ile. Mshahara wake sikuufikiria. Niliutaka ule mstari, na penseli zake tatu za rangi.

"Mbona mchana unashuka?" nikauliza.

Mhandisi akacheka. "Wewe shika fomu, bwana. Mambo ya mstari mwachie mwenye cheti."

Tekla naye akacheka, kidogo tu. Kicheko hicho kilitosha kuniumiza.

Tulianzia Lipangalala, mtaa wa mjini, nyumba kwa nyumba, tukihesabu watakaotumia umeme. Nyingi zilikuwa na kufuli.

"Hapa hapakai mtu," Tekla akasema. "Andika sifuri, kaka Kasiani."

Nilijua wanakokaa. Nilikuwa nimetoka kwao asubuhi ileile. Watu wa bonde hufunga nyumba za mjini wakahamia kwenye madungu, na baba na mama na watoto na kuku, mpaka mpunga uvunwe. Mashine za kukoboa nazo zilikuwa kimya kwa sababu mpunga ulikuwa bado umesimama shambani. Tekla hakuwa mtu wa huko, angejuaje? Nikafungua mdomo, nikakumbuka kile kicheko, nikaufunga. Nikaandika sifuri, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Mtambo uliagizwa kwa hesabu hiyo. Ulipowashwa ilikuwa masika tena, maji tele, watu wako mashambani, taa zinawaka nyeupe. Kila mtu akamsifu Tekla. Mhandisi alimwita "mtaalamu wetu" mbele ya wageni, na mimi nikatabasamu huku nasubiri mavuno.

Mavuno yakaja. Kufuli zikafunguka, redio zikawashwa, mashine za kukoboa zikanguruma toka asubuhi. Kijito nacho kikapungua, maana kilele cha watu kiliangukia kiangazi. Taa zikawa nyekundu kama makaa. Foleni ya magunia ikafika barabarani, na mwenye mashine mmoja akaja ofisini katapakaa pumba mwili mzima.

"Umeme gani huu unaogopa mpunga?"

Fundi wa zamu akataka kufunga lango linaloachia maji yaende chini, kijito chote kiingie mtamboni. Tekla akasimama mbele ya usukani wa lango. "Chini kuna watu wanachota. Maji yao hatuyagusi."

Mhandisi akatuita, mimi na Tekla.

"Ulihesabu nini, binti?"

"Nilihesabu nilichokiona, mzee."

Akaweka kidole juu ya sifuri za fomu. "Na huu mwandiko wa nani?"

"Fomu ni zangu," Tekla akasema. Hakuniangalia.

Nilinyamaza hata hapo. Nilichokisikia moyoni, Mungu anisamehe, kilikuwa wivu mwingine: hata kubeba lawama alikuwa anajua kuliko mimi. Wiki ile akahamishwa. Nikapewa meza yake, penseli zikiwa ndani ya droo. Nikapendekeza tuhesabu mara mbili kwa mwaka, masika na kiangazi, Mhandisi akanipa mkono. "Kasiani ana jicho," akawaambia watu.

Nimezeeka, na nyinyi mnaoanza kazi hii mna vifaa ambavyo sikuviota. Lakini mkikuta nyumba imefungwa, ulizeni imefungwa mpaka lini. Na mkiwa na mtu wa kushika fomu, msimcheke.

Mkataba wangu ulipokwisha sikuuhuisha. Ilikuwa masika. Nilitoka asubuhi na mfuko mmoja, nikapanda treni iliyokuja kwanza, nikashuka Mang'ula kwa kuwa mvua ilikuwa imekatika. Mama mmoja aliyeuza ndizi pale stesheni, Mama Oliva, nilipomwuliza pa kulala akanipeleka kwenye nyumba ya jirani aliyemwachia ufunguo, akafungua kufuli.

"Kaa humu. Wenyewe wako shamba."

"Wangapi, mama?"

"Wakirudi? Tisa. Ila wewe uwe umeshaondoka."

Akaenda zake. Ndani kulikuwa na vikombe tisa vimefunikwa kanga, na sketi ya shule juu ya msumari. Mfukoni nilikuwa na fomu moja ya zamani. Nikaandika tisa. Kisha nikaigeuza upande mtupu, nikaanza barua kwa Tekla, na neno la kwanza lilikuwa lile ambalo mtu wa umri wangu hamwandikii mdogo wake.

Shikamoo.