Magunia Mawili Yaliyoota Kwenye Daftari

Nilikuwa ghalani katika kijiji kimoja huku Kasulu, nikingoja lori, mama mmoja alipotua gunia lake la nane la maharage. Bwana shamba akafungua daftari. Kabla ya mavuno alilitazama shamba la mama huyo akiwa juu ya baiskeli, akakisia magunia kumi.

“Mawili yamevuka kwenda Burundi,” akasema. “Asilimia ishirini imepotea. Naandika ulanguzi, mama, na mbegu za msimu ujao hupati.”

Mama hakupandisha sauti. Aliyapiga magunia kofi moja moja hadi la nane.

“Bwana shamba, nasoma kisomo cha watu wazima. Tumefundishwa hivi: ukikisia kisha ukapima, tofauti unaigawa kwa ulichopima. Mbili kwa nane ni robo. Umekosea kwa asilimia ishirini na tano.”

“Nimekosea mimi?”

“Sehemu ya juu ya shamba, kule mlimani, ni mawe matupu, ukiwa barabarani huyaoni. Twende na kamba tukapime. Baiskeli iache hapa, haipandi.”

Foleni ikacheka. Bwana shamba akautazama mlima, akavitazama viatu vyake, akafuta kumi na kuandika nane.

“Na mbegu?” mama akauliza, mkono ukiwa juu ya daftari. Hakuuondoa mpaka zilipoandikwa.

Sisi wenye vyeti hupenda kugawa kwa namba tuliyoitaja wenyewe. Kosa huonekana dogo, na kilichopungua hutafutiwa mwizi.