Kidole cha Bi Twaiba

Bi Twaiba alianza kusuka makuti huko Msambweni akiwa na miaka tisa, na leo ana sitini na sita. Paa la duka kubwa lililo karibu na Kona ya Musa, lile wanalolipiga picha wageni, ni kazi ya mikono yake. Kuti lake hulitambua hata likichanganywa na mia ya wenzake: fundo la mwisho hulirudisha kushoto, kama alivyofunzwa na mamake.

Kazi hiyo alilipwa kwa kidole. Ndiyo, kidole! Meneja wa duka, Harrison, kijana wa bara anayefunga tai na joto lote hili, alimweleza kuwa pesa taslimu ni ushamba. Malipo yake yaliingizwa kwenye mashine, naye angekuja tu kugusa kioo na kubeba bidhaa. Siku ya kumsajili, mashine ilimkataa mara sita, ya saba ikakubali. Harrison akapiga makofi kana kwamba yeye ndiye aliyemuumba.

Kisha mumewe, mzee Chande, akafariki. Arobaini ilipokaribia, Bi Twaiba akaenda kuchukua mchele wa kuwalisha watakaomsomea. Akagusa kioo. Mashine ikalia. Akafuta kidole kwa leso, akagusa tena.

"Mama, alama za vidole vyako zimeisha," Harrison akasema. "Mashine haikujui."

"Wewe je, mwanangu, wanijua?"

"Mimi nakujua. Lakini mashine..."

"Basi tazama kitambulisho changu."

"Kitambulisho huibwa, mama. Kidole hakiibwi."

Akili hizo! Alama zililika kwa kusuka paa lililomfunika yeye na mashine yake. Arobaini ya Chande ikasomwa kwa mihogo, na Bi Twaiba akalia jikoni kwa haya.

Masika yakaja, paa likavuja. Harrison akafika Msambweni viatu vimejaa tope, na leo ana shikamoo mdomoni. Anataka makuti mia tatu.

"Marahaba." Bi Twaiba akamwekea kuti moja miguuni. "Weka kidole hapo. Likikujua, yachukue yote."

"Kuti halijui mtu, mama."

"Basi niletee mchele wa Chande."

Gunia lilifika jioni ile ile, bila mtu kugusa kioo. Bi Twaiba akaupika, akawaita watu wamsomee marehemu upya. Harrison naye akakaribishwa kwenye sinia. Akaomba kijiko. Akaambiwa ana vidole.