Tulivyogawa Diski ya Mwalimu

Nilipoajiriwa kuwa sekretari wa shule ya upili nje kidogo ya Kisumu, kwenye barabara ya kwenda Kombewa, mtu wa kwanza kunipa kazi hakuwa Mwalimu Mkuu. Alikuwa mwalimu wa Historia, mtu mrefu aliyeingia ofisini akipapasa kizingiti kwa fimbo nyeupe. Aliweka karatasi nne juu ya meza yangu.

"Madam, huu ni mtihani wa kidato cha pili," akasema. "Nimeuchapa mwenyewe jana. Hebu nisomee, tuone kama kuna makosa."

Nilizichukua. Zilikuwa tupu, zote nne. Riboni ya taipureta yake ilikuwa imekauka na hakuna aliyemwambia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sikujua mtu humwambiaje mwenzake jambo kama hilo.

"Makosa ni mengi?" akauliza.

"Mwalimu, riboni imekwisha wino."

"Kuanzia karatasi ya ngapi?"

"Ya kwanza."

Akatafuta kiti kwa mkono, akaketi, akacheka. Lakini kicheko kilikatika mapema kuliko kicheko cha mtu aliyefurahi. Nilizipeleka zile karatasi dirishani na kuziinamisha kwenye mwanga. Alama za herufi zilionekana pale vyuma vilipogonga karatasi, hafifu, ila zilisomeka. Nikamwambia asihangaike kuurudia. Mchana ule wote nilikaa dirishani nikinakili mtihani wake neno kwa neno. Tangu siku hiyo hakupeleka kazi yake kwa mtu mwingine.

Alikuwa amepoteza macho akiwa na miaka sita, kwa surua. Akasomeshwa shule ya wasioona, akafika chuo cha ualimu, akaajiriwa. Vitabu alisomewa na mke wake au na wanafunzi. Breli aliijua kama mimi ninavyojua kuchapa, lakini wakaguzi hawakusoma breli, wala wazazi, wala sisi wenzake. Kwa hiyo maisha yake ya kazi yalikuwa ya kuomba: nisomee hiki, niandikie kile. Hakupenda kuomba. Ungeona anavyosimama mlangoni kwanza, akisikiliza kama nina shughuli.

Katikati ya miaka ya tisini, watu waliowahi kumfadhili shuleni walimtumia kisanduku cha kijivu, ukubwa wa redio ndogo, kilichofungwa kwa waya kwenye kompyuta na kusema kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Shule nayo ilikuwa imepewa kompyuta iliyotumika, ikawekwa kwenye meza ya pembeni ofisini kwangu. Ilikuwa kompyuta ya zamani ya DOS: kioo cheusi, maandishi meupe, hakuna picha wala kipanya. Unaandika amri, inatii. Kwa Mwalimu hiyo ilitosha kabisa, maana maandishi ndiyo yale ambayo kisanduku kiliweza kuyasoma.

Kisanduku kilijua Kiingereza tu. Kiswahili kilikisoma kama Mzungu aliyeshuka ndege jana, na Dholuo ndiyo usiseme. Mwezi wa kwanza sikuelewa kinachosemwa. Mwalimu alikielewa siku ya tatu. Alikuwa akija saa mbili kasorobo, kabla ya gwaride, anaiwasha kompyuta mwenyewe, anaandika maelezo ya somo, anayasikiliza, anarekebisha, anachapisha. Kisha ananyoosha karatasi kwangu. "Soma uone." Nami nilisoma bila kukuta kosa, na nilimwona akitabasamu huku akijifanya anatafuta fimbo. Disketi zake alizibandikia vipande vya karatasi ngumu vyenye nukta za breli. Mimi ndiye niliyeshindwa kujua ipi ni ipi.

Hali hiyo ilidumu karibu mwaka mmoja.

Kisha kamati ya wazazi ikataka ripoti za wanafunzi zifanane na za shule za mjini, zenye majedwali na mistari mizuri. Hilo lilihitaji Windows. Mwalimu Mkuu, mtu wa maneno machache ambaye nilimwogopa, alimleta kijana fundi kutoka mjini Jumamosi moja. Fundi alifuta kila kitu kwenye diski ya ndani na kuweka mfumo mpya. Mimi nilikuwapo. Nilifurahia hata kile kipanya. Sikuwaza lolote jingine, na hilo bado linaniuma.

Jumatatu Mwalimu alifika kwa saa yake, akabonyeza kitufe, akangoja. Kisanduku kilikuwa kimya. Akakagua waya mmoja mmoja kwa vidole.

"Madam, hii mashine imekufa?"

"Haijafa, Mwalimu. Inafanya kazi."

"Kioo kinaonyesha nini?"

Nikakitazama. "Mawingu," nikasema. "Wameweka picha ya mawingu."

Nikamweleza yaliyotokea Jumamosi. Hakulalamika. Aliuliza tu kama disketi zake zimo kwenye droo, nikamwambia zimo, akazihesabu kwa vidole, akarudi stafurumu. Kesho yake akaja na kusimama mlangoni, akisikiliza kama nina shughuli. "Ukipata nafasi, nichapie ukurasa mmoja," akasema.

Wiki mbili niliishi na jambo hilo. Nilijaribu kumwambia Mwalimu Mkuu, akanijibu bila kuinua macho: "Ripoti haziwezi kurudi nyuma kwa sababu ya mtu mmoja." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na kamati ya wazazi shingoni.

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Migosi, mjini, na njia yangu ya Jumamosi kwenda sokoni ilipita karibu na duka la familia moja ya Kalasinga, Wahindi wa vilemba, lililotengeneza redio. Binti wa nyumba ile alikuwa amesomea kompyuta, na alikuwa amechukua nusu ya kaunta ya baba yake. Niliingia nikamweleza yote, pamoja na mambo ya kisanduku. Alisikiliza akiwa ameshika koleo.

"Nani amekuambia lazima uchague moja, dada?" akauliza. "Diski hiyo hiyo unaigawa sehemu mbili. Sehemu moja unaweka DOS ya mwalimu, nyingine Windows ya ofisi. Hazigusani. Ukiwasha inakuuliza unataka ipi."

"Inawezekana kweli?"

"Inawezekana. Lakini sikiliza." Akaweka koleo chini. "Kugawa ni kufuta. Kila kitu kilicho ndani kitakwenda. Toa nakala ya kila kitu kwanza. Toa nakala mbili."

Akanichorea hatua zote kwenye karatasi ya kufungia, akanipa disketi yenye kaprogramu kadogo ka kuuliza swali lile la kuwasha, na kuniazima za Windows. Disketi za DOS Mwalimu alikuwa nazo, pamoja na za kisanduku.

Nilichagua Ijumaa alasiri, wakati Mwalimu Mkuu yuko kwenye mkutano Sondu. Sikumwomba ruhusa, nikijua angekataa. Mwalimu nilimwambia, akaja kukaa nami. Nilinakili alama za muhula mzima, kidato kwa kidato. Nilitoa nakala moja. Nilikuwa na disketi chache na haraka nyingi. Kisha nikafuata karatasi ya dada wa dukani. Kompyuta iliponionya kwamba data zote zitapotea, nikithibitisha kwa herufi Y, niliondoa mkono kwenye kibodi.

"Inauliza nini?" Mwalimu akasema.

"Inauliza kama nina hakika."

"Unayo?"

"Sina."

"Basi bonyeza tu, maana hata kesho hutakuwa nayo."

Nikabonyeza. Mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. DOS ikaingia sehemu yake, tukaweka programu ya kisanduku, na ghafla ile sauti ya Mzungu ikasema kwamba iko tayari. Mwalimu akaweka kiganja juu ya kisanduku kama unavyomshika mtoto kichwani. Sikumtazama usoni. Niliweka Windows, nikaanza kurudisha alama. Kidato cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa. Cha nne, sawa. Disketi ya kidato cha tatu ikakwaruza, ikakwaruza tena, kisha kioo kikaandika kwamba haisomeki. Niliitoa, nikaifuta vumbi, nikairudisha. Haikusomeka.

Wanafunzi sabini na kitu, masomo yote. Ripoti zilitakiwa Jumatano.

Niliweka kichwa juu ya kibodi nikalia. Mwalimu aliniacha nilie kwanza.

"Alama ziko kwenye vitabu vya walimu," akasema baadaye. "Hazijapotea, ni kazi tu ndiyo imepotea. Za Historia ninazo nyumbani. Nitakuja nazo Jumatatu alfajiri."

Alikuja kweli, na mkoba wa karatasi nene za breli. Akaketi, akaweka vidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza kunisomea: jina, alama, jina, alama. Siku zote mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea, na sasa nilikuwa nikifukuzana na sauti yake na kushindwa. "Polepole, Mwalimu." "Wewe si ndiye mchapaji?" akasema, akaendelea.

Tulikuwa katikati ya orodha Mwalimu Mkuu alipoingia. Walimu wawili walikuwa wamemlalamikia kwamba nimewaomba vitabu vya alama upya. Aliuliza kwa upole, na upole huo ulinitisha zaidi.

"Nani amefuta kazi ya muhula mzima?"

Kabla sijafungua kinywa, Mwalimu alisimama. "Ni mimi, Bwana Mkuu. Nilikuwa natafuta kurudisha programu yangu. Nimebonyeza pasipostahili. Madam ananisaidia kurekebisha."

Nilipaswa kusema. Sikusema. Mwalimu Mkuu alitutazama wote wawili, akatoka. Mwalimu akaketi, akarudisha vidole kwenye mstari. "Tulifika wapi?" akauliza. Nilichapa majina kumi nikiwa sioni vizuri kwa machozi.

Nilikaa na aibu ile hadi saa sita. Sikula. Niliacha sima yangu kwenye sahani, nikaenda kugonga mlango wa Mwalimu Mkuu, nikamweleza kila kitu: Ijumaa, Sondu, nakala moja badala ya mbili. Nikamwambia Mwalimu hakugusa kitu.

"Nilijua," akasema. "Mashine inayotaka ufuate mshale kwa macho, yeye angeifuta vipi?" Akavua miwani. "Kwa nini hukuniomba?"

"Ungekataa, Bwana Mkuu."

"Ndiyo, ningekataa," akasema, akaivaa tena. "Hicho kitu umefanya, kinafanya kazi?"

Tulikwenda ofisini pamoja. Nikaizima kompyuta na kuiwasha. Lile swali likatokea kwenye kioo: bonyeza moja au mbili. Nikamweleza kwamba moja ni ya Mwalimu na mbili ni ya ofisi.

"Mtu asipobonyeza chochote?"

"Inangoja sekunde kumi, halafu inakwenda yenyewe kwenye ya ofisi."

"Yeye atalionaje swali?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilianza kusema kwamba angeweza kusikiliza mlio wa kuwaka kisha ahesabu, lakini Mwalimu Mkuu alitikisa kichwa.

"Geuza," akasema. "Iende kwake yenyewe. Sisi tunaoona ndio tubonyeze."

Kisha akavuta kiti, akachukua kitabu cha alama cha mwalimu wa Hesabu, akaanza kunisomea. Alisoma hadi kengele ya jioni, kwa sauti yake ya gwaride, akinirudishia kila tarakimu niliyoikosea. Jumatano ripoti zilitoka.

Kompyuta ile tuliitumia hivyo kwa zaidi ya miaka miwili, asubuhi mkono wa Mwalimu, baada ya gwaride mkono wangu. Kisha Mwalimu akapandishwa cheo na kuhamishiwa shule nyingine, upande wa Sondu, kuwa naibu wa mkuu. Kisanduku kilikuwa chake, akaondoka nacho kwenye mkoba, kimefungwa ndani ya sweta. Kompyuta ilibaki. Shule aliyokwenda haikuwa na hata moja. Alinitumia salamu kupitia mtu kwamba amerudi kuomba watu wamwandikie, na kwamba sekretari wa kule ni mtu mwema lakini ana haraka.

Salamu hizo zilinikosesha raha. Nilikwenda kwa yule dada wa dukani nikamwuliza kama ana mashine yoyote kuukuu. Alikuwa nayo moja, ya mteja ambaye hakurudi kuichukua, na kioo chake kilikuwa kimepasuka pembeni.

"Kioo kimepasuka, lakini huyo mwalimu wako kioo ni cha nini?" akasema, tukacheka hadi baba yake akatoka nyuma kuuliza kuna nini.

Niliifikisha nyumbani kwa Mwalimu Jumapili, baada ya kanisa. Mke wake alikuwa ameondoa vyombo kwenye meza na kutandika kitambaa safi. Nilifungua ile karatasi ya kufungia yenye hatua za dada wa dukani, ambayo bado nilikuwa nayo, nikamwuliza Mwalimu kama nigawe diski au nimpe yote.

Kabla hajajibu, mke wake alisema, "Gawa. Hawa watoto wangu nao watataka kujifunza. Yeye akimaliza, wao waingie."

"Na ikianza yenyewe, ianze na nani?" nikauliza.

Wakabishana kwa Dholuo, kwa utani, mke akitetea watoto na mume akitetea umri wake. Watoto wenyewe walikuwa wamesimama nyuma ya kiti, mmoja tayari ameshika kipanya kwa mikono miwili. Mwishowe Mwalimu akasema ianze na yeye siku za shule tu. Nilimweleza kwamba mashine haijui siku. Akasema basi nimwachie mama yao aamue, mimi nimalize, chai inapoa.