Gurudumu Lililotangulia Puge

Siku ya kumzika mume wangu, mama mmoja alinishika bega akaniambia sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia anyamaze. Sikio la mume wangu lilisikia vizuri sana. Lilisikia, likacheka.

Enzi hizo za Mwingereza tulikaa Chemchem, hapa Tabora, na mume wangu alikuwa dereva wa tajiri mmoja mnunuzi wa asali na nta. Tajiri alikuwa na gari la mbio, jekundu, fupi, likiwashwa kuku wa mtaa mzima wanakimbilia ndani. Halikubeba nta wala wageni. Lilikuwepo ili limshinde mwenye duka mmoja wa Nzega, ambaye naye alikuwa na lake. Walikwishapatana: Jumapili baada ya misa magari yatoke Tabora, na ambaye gari lake litatangulia kufika Puge, kwenye njia ya Nzega, ndiye mwanamume. Wanaume wenyewe wangekaa Puge kivulini na vinywaji vyao. Wa kukimbia ni madereva. Tajiri alishamwambia mume wangu kwamba akishindwa, funguo atapewa mwingine.

Basi tajiri akaagiza rimu pana kutoka Nairobi, na matairi manene ya kwenda nazo. Zikafungwa, gari likakataa. Kila likikata kona, tairi la mbele lilisugua springi kwa ndani, na harufu ya mpira ulioungua ikaingia mpaka kwenye nguo zangu nilizoanika. Dawa yake ni kuisogeza rimu nje kidogo. Unachonga sahani ya chuma yenye tundu katikati na matundu ya boliti kuzunguka, unaibana kati ya gurudumu na habu, kile kitovu linapofungwa. Mafundi waliiita spesa. Mume wangu akasema kazi hiyo ataifanya mtani wake.

Mtani huyo alikuwa Mzaramo, fundi wa mashine ya kuchongea vyuma kwenye karakana ya reli. Sisi Wanyamwezi tunataniana na Wazaramo tangu babu zetu walipobeba pembe kwenda pwani, na hawa wawili walizidisha. Mzaramo hakupiga hodi kwetu hata siku moja. "Mbeba mizigo, upo? Babu yako alipoiona bahari si aliuliza nani kamwaga maji?" Mume wangu naye: "Na babu yako akamuuzia hayo hayo ya chumvi, mwizi we!" Siku ya ndoa yetu, padri alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, huyo Mwislamu alisimama nyuma ya kanisa akasema bibi harusi ni wake.

Kuna siku alikuja mbio, jasho linamtoka. "Wallahi leo sitanii. Treni imemgonga mama yako pale Kigwa." Mume wangu alirukia baiskeli akalia njia nzima, kufika akamkuta mama yake anapepeta mahindi. Unadhani alikasirika? Mtani hakasirikiwi. Alirudi hapa akacheka na mwenzake mpaka wakakaa chini, na mimi niliyekwisha kulia msiba wa bure nikawanyima chakula wote wawili.

Jumamosi, kabla ya mbio, Mzaramo alileta spesa ndani ya gunia. Akazivisha, akarudisha magurudumu, akakaza nati. Gari lilipendeza, sikatai. Magurudumu yalitokeza nje, likasimama kama fahali aliyepanua miguu. Mume wangu akalizungusha uwanjani, halisugui tena, akaruka ruka kwa furaha. Mzaramo alibaki amechuchumaa.

"Mnyamwezi, njoo uone. Spesa imekula urefu wa boliti. Nati imeshika nyuzi mbili tatu tu za boliti, tena za nchani. Nipe wiki nichonge boliti ndefu."

"Mbio ni kesho."

"Basi gurudumu litafika Puge kabla yako."

Mume wangu akaanza kucheka. Mzaramo akamshika mkono. "Wallahi leo sitanii."

Loo! Hapo ndipo alipoharibu. Mume wangu alicheka mpaka akaegemea gari, machozi yanamtoka. "Wallahi tena? Haya, na mama yangu hajambo huko Kigwa?"

Mimi nilikuwa nasonga ugali pale pembeni, nikamtazama Mzaramo usoni. Hakucheka. Aliondoka bila kunawa mikono, na yeye hakuwa mtu wa kuacha ugali wangu. Nikamwambia mume wangu, "Baba watoto, huyu mtu leo ametoka moyoni. Mwambie tajiri asubiri hizo boliti."

"Kumbe na wewe umeolewa Uzaramoni?" akanijibu, akaosha mikono ale.

Yaliyofuata niliambiwa na wachunga ng'ombe waliokuwa karibu na barabara. Mume wangu alikuwa mbele, tena mbali. Penye mteremko wa kuingia Puge gurudumu la kushoto lilichomoka, likalipita gari, likaenda likidunda peke yake hadi mbele ya maduka. Watu walilipisha njia, wengine wakalipigia makofi wakidhani ndiyo mbio zenyewe. Gari lilibiringika kwenye mawe. Tajiri alipofika mahali pale alikwenda kwanza kutazama boneti. Mume wangu aliletwa nyumbani nyuma ya lori la pamba, akafia njiani.

Kwetu mazishi bila mtani ni mazishi mabichi. Mtani huvaa nguo za marehemu, hulala kaburini akagoma kutoka, humtukana maiti mpaka wafiwa wacheke, ndipo machozi yapate pa kupitia. Wote walikuwa wakimngoja Mzaramo. Akaja, akakaa chini pembeni, kanzu imejaa vumbi, analia kama mtoto. Wazee wakageuza nyuso. Mimi nilipomwona analia nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuijua. Moyoni nikamwambia: ulijua nyuzi ni mbili tatu, mbona ulikaza nati? Si ungezitupa chooni! Ulikuwa na kweli moja tu maishani mwako, ukaileta imevaa nguo za uongo.

Nikasimama. "Mtani, umekaa kama mfiwa. Mfiwa ni mimi. Inuka ufanye kazi yako."

"Siwezi, mama watoto."

"Unaweza. Sema lile la Puge."

Padri akaniita binti yangu, sikumgeukia. Mzaramo akainuka, akavaa kofia ya udereva ya mume wangu niliyomtupia, akaliangalia jeneza. "Mnyamwezi," akasema, "si nilikwambia gurudumu litafika Puge kabla yako?"

Watu wakacheka, maana mtani akisema unacheka, ndiyo mila. Nami nilicheka kuwapita wote, huku namtazama machoni. Alidondoka kwa magoti, kofia ikamtoka, wakamwondoa wakimshika kwapa. Wananiambia nilikosea kumfanyia vile mbele ya watu. Sijutii hata kidogo.

Tangu siku hiyo hakumtania mtu. Vijana wa karakana walimchokoza makusudi, akawajibu kwa adabu kama anaongea na mama mkwe. Mwishowe aliomba uhamisho arudi kwao pwani. Asubuhi ya safari alikuja nyumbani kwangu, na kwa mara ya kwanza akapiga hodi. Nikafungua mlango. Alikuwa ameshika kofia mkononi, amekonda, shingo imebaki mishipa.

"Shikamoo," akanisalimu, mtu aliyenizidi umri. Sikuitika marahaba.

"Nimekuja kuomba msamaha," akasema. "Usiku silali. Nisamehe, mama watoto. Wallahi leo sitanii."

Nikamcheka. Nilicheka vilevile alivyocheka mume wangu, mpaka nikaegemea mlango, kisha nikaufunga.