Mboga za Kumwaga Maji

Mama alikuwa akisema kwamba mtu anayemwaga maji aliyochemshia mboga hana tofauti na anayemwaga damu yake mwenyewe. Sisi watoto wake tuliyanywa kwenye kikombe cha bati, yangali moto, na ole wako ukunje uso. Tulikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa chakula cha mgao cha mahindi na maharage, na mama aliona huo mgao ni njia ya polepole ya kutuua. Akachimba bustani nyuma ya kibanda. Lengalenga zake, yaani mchicha, zilikuwa nene kuliko za mtu yeyote pale, na alijua hivyo.

Tuliporudi Burundi alipata kipande cha shamba la wazazi wake kwenye kilima karibu na mji wa Muyinga. Akapanda ndizi, parachichi, mchaichai, na ule mti mchungu ambao Warundi huuita mubirizi. Hakuwa mganga, na ukimwita mganga mlikosana. Lakini wanawake wa kilima kizima walikuja kwake: huyu mtoto wake anaharisha, yule tumbo limejaa gesi, mwingine hapati usingizi. Aliwapa majani na kuwahubiria. Sukari ni sumu. Vile vidonge vya supu vya dukani ni sumu. Chakula ni dawa, na asiyejua hivyo ataijua hospitali. Nami sikatai: tulikua na meno mazuri na hatukuugua ovyo. Nilipoolewa mtaa wa Yoba, hapa Gitega, nikaja na jiko la mama kichwani mwangu. Nilipika kama yeye, na watoto wangu waliyanywa yale maji kama nilivyoyanywa mimi, kwa nguvu.

Kiangazi kimoja nilikwenda kumsalimia Muyinga nikamkuta miguu imevimba mpaka ndala hazimwingii. Uso nao asubuhi ulikuwa mnene, macho madogo. Nikamuuliza tangu lini. Akasema ni uchovu wa kupalilia, na kwamba anakunywa mubirizi asubuhi na jioni, damu inajisafisha.

"Umepimwa presha?" nikamuuliza.

"Presha ni ya watu wanaokula mikate," akanijibu.

Nilikasirika vibaya. Nilimwambia mganga hajigangi, akaniambia yeye si mganga, nikamwambia basi ndilo tatizo lenyewe. Tukagombana mpaka majirani wakanyamaza ili wasikie vizuri. Kesho yake nilimpandisha gari la njia ya Karuzi nikamleta Gitega, amenuna kama mtoto aliyenyimwa kifua cha mama.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema presha ilikuwa juu kwa miaka bila mtu kuijua, na sasa figo zimebaki kidogo sana. Mashine ya kusafisha damu iko Bujumbura. Mama akasema Bujumbura haendi, hawezi kuishi kwa kufungwa kwenye mashine kama cherehani. Nilimbembeleza, nikalia, nikawatuma dada zangu wampigie simu. Wapi. Basi kilichobaki, daktari akasema, ni vidonge na jiko. Kisha akaanza kutaja vya kuacha: maharage, ndizi, parachichi, viazi vitamu, sombe, yaani kisamvu, na chumvi. Majani yote ya kunywa, hata mchaichai. Mboga ikate vipande, ichemshe, mwaga maji, weka mengine, chemsha tena, mwaga tena. Kilichokuwa kizuri kwenye zile mboga, figo zake hazikiwezi, kinabaki kwenye damu na kinaweza kusimamisha moyo.

Alikuwa ametaja bustani yote ya mama, mmea kwa mmea. Mama alimtazama kama unavyomtazama mtoto wa watu aliyekutukana mbele ya wageni.

Tukaanza maisha hayo Yoba. Mimi ni fundi wa nguo sokoni. Niliamka mapema nikampikia kabla ya kwenda kazini: wali, kabeji ya kumwaga maji, ute mweupe wa yai, siku nyingine kipande kidogo cha samaki. Bila chumvi. Nilijaribu ndimu kidogo, nikajaribu kitunguu saumu. Mama alikuwa akichukua tonge, analitafuna taratibu, kisha ananitazama.

"Hizi ni nyasi," alisema siku moja. "Tena zimefuliwa."

Nilicheka, yeye hakucheka. Alikonda. Uvimbe ulipopungua ndipo tulipoona alivyokonda, shingo imebaki mishipa. Alishinda barazani, na kila aliyepita akimuuliza hali alijibu, "Nipo, nakula anachonipa binti yangu," kwa sauti ambayo ungedhani nampa udongo.

Jirani yetu ni mama Mkongomani wa Kivu ya Kusini, anauza ndagala, ndio dagaa, na vitenge, ana moyo mkubwa na mdomo mkubwa pia. Akanisimamisha mbele ya lango lake.

"Dada, mi nakuuliza vile mutu na ndugu yake. Mama yako iko anakonda kila siku. We unamunyima chumvi juu ya nini? Ata maharage? Mais kweli, mama mwenye amekuzala!"

Nikamweleza habari za figo. Akaitikia, "Donc ni vile," lakini macho yake hayakuitikia. Nilijua mtaa unasema nini. Kuna binti hapa Yoba anamuua mama yake kwa njaa, na nyumbani kwake mchele upo.

Siku moja umeme ulikatika sokoni, cherehani yangu ya umeme ikalala, nikarudi mchana. Nikamkuta jirani barazani kwangu, bakuli kwenye mapaja ya mama: maharage na ndizi, mawese yanang'aa juu. Haikuwa mara ya kwanza. Unamjua mtu anayekula kwa wizi kwa mara ya kwanza, na mama hakuwa hivyo, alikuwa anakula kwa raha. Nilimtukana yule mama wa watu matusi ambayo sikujua kwamba ninayo. Nikamgeukia mama ili aseme lolote, hata neno moja, kwamba binti yangu alinikataza na alikuwa na sababu. Mama alikuwa anatazama kuku. Hilo ndilo lililoniuma, na mpaka leo nikilikumbuka linaniuma palepale.

Kabla ya juma kwisha mapigo ya moyo yalimvurugika, pumzi zikawa fupi, tukamkimbiza hospitali. Jirani alikuja akiwa peku.

"Mi sikujua, dada. Kwetu mugonjwa, ni kumupa akule apate nguvu. Mi nilizania ni akili za madokta tu."

Nilitaka kumchukia. Nilijaribu kweli. Lakini alikuwa amekaa sakafuni anashika miguu ya mama kama miguu ya mama yake, nikashindwa.

Mama alipona kidogo, tukamrudisha Yoba. Alikula nyasi zake kwa dharau ileile, lakini alizila. Halafu hata hizo zikawa zinamrudi. Ngozi ikawa ya kijivu, ikawa inamwasha, akawa analala mchana kutwa. Safari ya mwisho hospitali daktari alinitoa nje kwenye varanda, akatazama viatu vyake, akaniambia, "Mpikie anachokipenda. Chochote."

Nikamshukuru. Sijui nilimshukuru kwa nini. Siku hiyohiyo nikamrudisha mama Yoba.

Nilinunua maharage mapya, ndizi za kupika, mawese mekundu. Jirani alitwanga sombe kwenye kinu chake, machozi yakimtoka, hakusema neno, na kwake hiyo ni kazi ngumu kuliko kutwanga. Nilipika kama mama alivyonifundisha, moto mdogo, bila haraka, chumvi ya kutosha. Nyumba ikanukia utoto wangu. Nikamwegemeza mama kwenye mito, nikamwekea sahani mapajani.

Aliitazama. Akainusa. Nilingoja anicheke, aseme nimejifunza kupika uzeeni.

"Daktari amekubali?" akauliza.

"Amekubali, mama."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Mtu huyu alikuwa amewapikia wagonjwa maisha yake yote. Alijua vizuri kuliko mimi ni lini mgonjwa huachiwa ale anachotaka. Midomo ikaanza kumtetemeka, na mimi sikuwahi kumwona mama akiogopa, si kambini, si siku tuliyovuka mpaka kurudi.

"Toa," akasema, akaisukuma sahani kwa vidole. "Niletee chakula changu."

"Mama, kile si hukipendi?"

"Nenda kanipikie, mwanangu. Ile kabeji. Ichemshe vizuri."

Nikarudi jikoni nikaosha kabeji. Alikula hiyo kila siku, bila kulalamika, mpaka aliposhindwa kumeza.