Homa Niliyoisingizia Osaka

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na hata sasa nikiwa bibi wa wajukuu sita hapa kwetu Shieywe, nikiikumbuka mwili hunisisimka. Juzi ulinionyesha simu yako ukaniuliza safari yako ya Japani uende Kanazawa au Matsuyama. Nilinyamaza, ukadhani siijui hiyo miji. Naijua. Niliwahi kuchagua kati ya hiyo hiyo miwili, na nikakosea vibaya.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, mwalimu wa ushonaji, nimepelekwa Osaka kwa mafunzo ya miezi mitatu. Tukapewa siku tatu za mapumziko. Huko Matsuyama aliishi Mwalimu Tanabe, Mjapani aliyefundisha hesabu kwetu Khwisero nilipokuwa mtoto. Miaka miwili alikula obusuma, ugali wetu, jikoni mwetu. Malaria ilipomlaza, mama yangu alimwendea kila siku na mchuzi wa ingokho, yaani kuku, kwa maana kwetu mgonjwa hatumiwi salamu, mgonjwa huendewa. Siku ya kuondoka mama alinifungia karanga za kukaanga, akaniambia, "Hizi ni za Tanabe. Mtu wetu hapitwangi hivi hivi."

Basi macho hayana pazia. Wenzangu wa bweni walikuwa wanaenda Kanazawa. Walinionyesha picha za bustani ambayo misonobari yake hufungwa kamba theluji isije ikavunja matawi, na vikombe vilivyopakwa dhahabu. Watu husema si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Yangu mimi ilikuwa dhahabu kweli, na bado nilipotea! Nikajiambia, Matsuyama kuna nini zaidi ya mzee na mke wake? Nikampigia simu, maana nilikuwa nimeshamwandikia anwani ya bweni na kumwahidi kwamba nitafika. "Mwalimu, nina homa kali, hata kusimama siwezi." Akasema pole. Nikacheka nilipoweka simu chini. Nilicheka, mwanangu, siwezi kukuficha.

Kanazawa ni kuzuri, nisiseme uongo wa pili. Karanga za mama tulizila kwenye gari moshi hata kabla hatujafika.

Tulirudi siku ya tatu mchana, tukiingia bwenini kwa kelele na mifuko ya zawadi. Mlangoni, kwenye kiti cha mbao, alikuwa ameketi Mwalimu Tanabe. Nywele zimekuwa nyeupe, koti limekunjamana, magotini ameshika sufuria iliyofungwa kitambaa.

Nilitamani sakafu ipasuke.

Alisimama, akanishika paji la uso kwa kiganja kama mama afanyavyo. Kisha akasema kwa Kiswahili cha kwetu, kile alichojifunza Khwisero, "Huna homa."

"Nilifika jana. Chumba kimefungwa, hakuna mtu. Nikasema huyu wamempeleka hospitali. Nimezunguka hospitali nne nikiuliza msichana Mkenya." Akaitazama mifuko yangu. Alielewa yote, kwa sababu jina la Kanazawa liliandikwa juu yake. Hakupandisha sauti. "Mama yako alinifundisha mgonjwa anaendewa. Mke wangu ndiye mgonjwa. Nikamwambia, wewe ngoja, mtoto wetu anaumwa peke yake ugenini."

Akaniwekea sufuria mikononi. Ulikuwa mchuzi wa kuku, umeshapoa. Akainama kuniaga, akaenda kutafuta gari moshi la kurudi, na mimi nikabaki pale, wenzangu wakiniuliza huyo babu ni nani. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua kwamba atakayeitembea ni mzee wa watu.

Nilililia ruhusa, nikaipata baada ya wiki mbili, nikaenda Matsuyama. Mwalimu alinipokea kituoni, akanipeleka hospitali moja kwa moja. Mke wake hakuweza tena kuongea. Siku zile tatu nilizopewa, alikuwa akiongea vizuri, akiuliza nitafika saa ngapi. Alinishika mkono tu, akanitazama. Sauti yake sikuwahi kuisikia, na sitaisikia.

Kwa hiyo, mwanangu, mimi sikuchagulii mji. Wewe huna mtu anayekungoja huko. Nenda upendako ukafurahi, ujana haurudi. Ila popote duniani palipo na mtu aliyekupikia kwa moyo wake, anza na huyo, bustani zitakungoja. Na kama huendi, sema siendi. Maneno hayo yanauma siku moja tu. Usisingizie ugonjwa kamwe, kwa maana kuna watu wanaotuamini kiasi cha kuwaacha wagonjwa wao kwa ajili yetu.

Mungu akuongoze uendako, mwanangu. Akukutanishe na watu wema, na wao wakikutana nawe wakute mtu mkweli. Uende salama, urudi utusalimie kila mmoja kwa jina lake.